Kutazama ndege majira ya baridi Minnesota: wapi pa kuwatafuta na jinsi ya kuwakaribia

Novemba ikikaribia kwisha, maziwa ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, huanza kuganda na miti mingi huwa imeshapukutisha majani. Wengi wetu tuliohamia huku kutoka Mombasa, Kigoma, Goma au Bujumbura huamini kwamba ndege nao wameondoka, wamebaki kunguru peke yao. Sivyo. Waliohama ni wengi kweli. Wapo hata wanaokwenda kwetu: ndege mmoja mdogo wa Alaska, Oenanthe oenanthe kwa jina la kisayansi, mwenye uzito wa kama gramu 25, huvuka Asia nzima kwenda kukaa msimu huu Afrika Mashariki, safari ya takriban kilomita 14,500. Watafiti waliowafunga vifaa vidogo vya kurekodi safari walitangaza jambo hilo mwaka 2012. Lakini waliobaki, pamoja na wageni wanaoshuka kutoka Kanada, huonekana kwa urahisi kuliko ndege wa majira ya joto. Majani ya kuwaficha hakuna, theluji inawaonyesha kutoka mbali, na baridi inawalazimisha kukusanyika mahali pachache.

Hilo la kukusanyika ndilo la kushika. Wakati wa baridi ndege yuko penye chakula, au penye maji yasiyoganda, au penye kinga ya upepo. Ukijifunza kutafuta mambo hayo matatu kwanza, ndege utawakuta bila kuzunguka sana.

Hatua ya 1: Fahamu hesabu ya nguvu za mwili wa ndege kabla hujatoka

Mchukue chikadii, ndege wa kofia nyeusi na mashavu meupe anayekaa Minnesota mwaka mzima. Uzito wake ni kama gramu 11. Usiku wa Januari baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi -25 za Selsiasi, na usiku wenyewe una saa 15. Ili afike asubuhi, chikadii hula mchana kutwa hadi awe na mafuta ya kutosha mwilini. Jioni huingia kwenye tundu la mti, hutunisha manyoya yake, na kuacha joto la mwili lishuke kwa nyuzi 10 au zaidi. Usiku kucha anatetemeka ili ajipatie moto kutokana na mafuta yale yale. Kunapokucha akiba imekaribia kwisha, na lazima aanze kula upya.

Kwa hiyo kila unapomfanya ndege aruke bila sababu, unamfanya atumie akiba yake ya usiku. Mtu akimkimbiza ndege majira ya joto, ndege hupata mdudu mwingine na mambo yanaendelea. Januari mdudu mwingine hapatikani kwa urahisi. Hilo ndilo linaloamua umbali wa kusimama, muda wa kukaa na wakati wa kugeuka kurudi. Nimeliweka mwanzoni kwa sababu kila hatua inayofuata inalitegemea.

Muda mzuri wa kutoka ni kuanzia jua linapochomoza hadi saa nne asubuhi, wakati ndege wana njaa, halafu tena saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama. Mwishoni mwa Desemba, mjini Minneapolis, jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, basi hata anayependa kulala hajachelewa. Siku ya baridi kali sana na isiyo na upepo ni nzuri, kwani ndege hawana budi kula mchana wote. Siku ya upepo mkali, baki nyumbani.

Hatua ya 2: Vaa kwa ajili ya kusimama

Hapa ndipo wengi hushindwa, na wakishashindwa mara moja hawarudi tena. Nguo inayokutosha kutembea hadi kituo cha basi haikutoshi kusimama nusu saa ukitazama bundi. Mtembezi hujipasha moto kwa miguu yake. Mtazama ndege amesimama tuli.

Vaa tabaka tatu. Ya ndani kabisa iwe ya sufu nyembamba au kitambaa cha michezo. Isiwe pamba, kwa sababu pamba ikipata jasho hubaki na majimaji na kukupoza. Ya kati iwe sweta nene la sufu au koti jepesi la manyoya. Ya nje iwe ya kuzuia upepo. Buti ziwe kubwa kidogo kuliko kawaida yako: soksi mbili zikibanwa ndani ya buti ndogo huzuia damu kufika vidoleni, na miguu huganda upesi kuliko ungevaa soksi moja. Vaa glovu nyembamba ndani na glovu kubwa za mfuko, zisizotenganisha vidole, juu yake, ili uweze kushika darubini bila kuacha ngozi wazi. Funika masikio na pua.

Kabla ya kutoka, soma kipimo cha baridi ikichanganywa na upepo, usisome joto la hewa peke yake. Kipimo hicho kikifika nyuzi -28 za Selsiasi, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya nusu saa. Kidole au ncha ya sikio ikianza kuwa nyeupe na kupoteza hisia, ingia ndani au garini papo hapo. Usiisugue, na usiisugue kwa theluji hata ukiambiwa na mwenyeji. Ipashe joto polepole. Kagua nyuso za watoto kila baada ya dakika chache, maana mtoto aliyefurahi hasemi kwamba ana baridi.

Hatua ya 3: Vifaa vichache

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa kwa anayeanza. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Usikimbilie ukuzaji mkubwa, kwa sababu mikono inayotetemeka kwa baridi itakufanya usione kitu. Ukirudi nyumbani, iache darubini ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la chumba, ndipo uitoe; ukiitoa ghafla itapata ukungu, na za bei nafuu huingia maji ndani.

Kwenye simu, pakua programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ni ya bure, hutambua ndege kwa sauti, kwa picha, au kwa maswali machache kuhusu rangi na ukubwa. Pakua orodha ya ndege wa eneo lako ukiwa nyumbani, kwani vijijini mtandao husumbua. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi humaliza betri haraka sana.

Hatua ya 4: Anzia dirishani

Huhitaji gari wala kiwanja. Kilishio, yaani chombo cha kuwekea mbegu za ndege, kinapatikana hata cha kubandika kwenye kioo cha dirisha, na kinafaa kwa anayekaa ghorofani. Soma mkataba wako wa nyumba kwanza, maana baadhi ya wenye majengo hawaruhusu.

Mbegu ya kununua ni alizeti nyeusi ndogo. Ganda lake ni jembamba, mafuta yake ni mengi, na karibu kila ndege wa mbegu wa huku huila. Mifuko ya bei rahisi yenye mchanganyiko wa nafaka nyekundu haina maana: ndege hutupa chini zile nafaka na wewe unalipia takataka. Pamoja na alizeti, ninginiza shahamu ya ng'ombe ndani ya kisanduku cha waya. Vigong'ota huipenda sana, na kwenye baridi kali mafuta ndiyo chakula chenye nguvu kuliko vyote. Mkate usiwape, hujaza tumbo bila kuleta nguvu. Ukiweza kuongeza beseni la maji lenye kipasha joto cha umeme, utapata hata ndege wasiokula mbegu.

Mahali pa kukiweka pana umuhimu kuliko aina yake. Vioo vya madirisha huua mamia ya mamilioni ya ndege kila mwaka nchini Marekani. Kilishio kikae ama chini ya mita moja kutoka kwenye kioo, ili ndege akiruka asiwe na mwendo wa kumuumiza, ama zaidi ya mita tisa. Umbali wa katikati ndio mbaya. Kioo chenyewe kitie alama ndogo upande wa nje, zikipishana kwa sentimita tano hivi. Kiwepo pia kichaka au msonobari karibu, mita tatu nne hivi, ambapo ndege atakimbilia mwewe akitokea.

Kila baada ya wiki mbili kioshe kwa maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisha kisuuze na kukikausha. Kilishio kichafu hueneza maradhi ya macho na ya tumbo. Ukiona ndege mwenye macho yaliyovimba, kishushe kwa wiki kadhaa ili wagonjwa watawanyike.

Wageni wa kwanza watakuwa chikadii. Baada yao huja kigong'ota mdogo mwenye madoa meupe na meusi, na nathachi, ndege mfupi wa kijivu anayeshuka shina kichwa kikitangulia. Chini ya kilishio huokota mabaki junko, mwenye mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, aliyeshuka kutoka misitu ya Kanada. Kadinali, dume lake jekundu mwili mzima, huja mwanzo kabisa wa mapambazuko na tena giza linapoanza kuingia. Akionekana juu ya theluji kwa mara ya kwanza, watoto wangu huacha kila walichokuwa wakikifanya, na mimi pia.

Hatua ya 5: Msituni, tafuta chikadii kisha simama

Ukiingia kwenye bustani ya msitu wakati wa baridi, unaweza kutembea dakika ishirini bila kusikia chochote, halafu ghafla ndege ishirini wako juu ya kichwa chako. Wanatembea kwa kundi la mchanganyiko, na kiongozi wa kundi ni chikadii. Anajua wapi kuna chakula na anapiga kelele kukitokea hatari. Watafiti wamegundua kwamba akiona adui hatari zaidi kwake, kama bundi mdogo mwepesi wa kukamata ndege, huongeza idadi ya «dii» mwishoni mwa mlio wake. Ndege wengine husikiliza na kufuata.

Basi msikilize yeye. Ukisikia «chika-dii-dii», acha kutembea, egemea mti, subiri dakika kumi. Nathachi, vigong'ota na wengine watapita mmoja mmoja. Tazama upande wa mti usiopigwa na upepo, na upande unaopata jua la asubuhi. Misonobari na mierezi minene ndiyo nyumba za usiku: matawi yake huzuia upepo na theluji. Humo ndimo hulala yule ndege mdogo wa utosi wa dhahabu, mwenye gramu sita tu, anayepona usiku wa barafu kwa kubanana na wenzake kwenye tawi moja.

Kwenye misitu ya kaskazini angalia pia chini. Grausi, ndege anayefanana na kwale, hulala ndani ya theluji laini. Hujitupa humo kutoka juu, na theluji humfunika na kumkinga. Ukiona tundu bila nyayo za kuingilia, usilisogelee. Akitoka usiku ule kwa ajili yako, atapata wapi kinga nyingine?

Hatua ya 6: Nenda penye maji yasiyoganda

Ziwa lote likiwa barafu, sehemu chache zinazobaki wazi huvuta ndege wa maji wa eneo zima. Sababu huwa ni mbili: mkondo wenye nguvu, au maji ya moto kutoka kiwandani.

Mji wa Monticello, mwendo wa kama saa moja kaskazini-magharibi ya Minneapolis, una vyote viwili. Kituo cha umeme wa nyuklia hupasha joto maji ya mto Mississippi, na bata maji weupe wa sauti ya tarumbeta hukusanyika hapo majira yote ya baridi, katika baadhi ya miaka zaidi ya elfu moja. Ndiye mkubwa kuliko ndege wote wa maji wa Amerika Kaskazini. Dume hupita kilo kumi. Uwindaji ulikuwa umemfuta kabisa Minnesota, na ilibidi kuanza kumrudisha miaka ya 1960. Unapowasikia mamia wakilia kwa pamoja asubuhi yenye mvuke juu ya mto, kumbuka kwamba babu wa wenyeji wako hakuwahi kuwasikia. Kuna bustani ndogo kando ya mto iliyotengwa kwa watazamaji, na huhitaji kutoka humo.

Kwa tai, nenda Wabasha, kama saa moja na nusu kusini-mashariki ya miji ya Minneapolis na St. Paul. Hapo mto Chippewa huingia Mississippi na mkondo huzuia barafu isishike, kwa hiyo samaki wanapatikana. Tai wa kichwa cheupe, ndugu wa karibu wa furukombe wetu wa Ziwa Victoria, hukaa juu ya miti mikubwa kando ya maji. Mjini kuna Kituo cha Taifa cha Tai, ambacho kina tai waliojeruhiwa wasioweza kurudi porini, na unaweza kutazama mto ukiwa ndani ya jengo lenye joto. Kwa familia yenye watoto wadogo, ningeanza hapa.

Watu huuliza kwa nini miguu ya bata haigandi. Mishipa inayoshusha damu ya moto mguuni imepita bega kwa bega na ile inayopandisha damu ya baridi, hivyo joto huhama kutoka moja kwenda nyingine kabla ya kufika kwenye barafu. Mguu hubaki na baridi, na mwili hubaki na moto.

Usikanyage barafu kufuata ndege. Mamlaka ya maliasili ya jimbo hushauri barafu safi iwe na unene wa angalau sentimita 10 kabla mtu hajatembea juu yake, lakini karibu na maji yanayotiririka unene hubadilika kila hatua, na mkondo hula barafu kutoka chini usione. Baki ukingoni.

Hatua ya 7: Bundi, na namna ya kumheshimu

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza na bibi huanza kuomba dua. Najua hofu hiyo si ndogo. Bado nakuomba umtazame bundi mmoja mchana kweupe, ukiwa na darubini, akiwa kazini.

Mahali pake ni Sax-Zim Bog, eneo la mabwawa ya misonobari, mashamba ya majani na barabara za vumbi kaskazini-magharibi ya mji wa Duluth. Bundi mkubwa wa kijivu hukaa juu ya mti kando ya barabara, uso wake mviringo umeelekea theluji. Manyoya ya uso hukusanya sauti na kuipeleka masikioni, na humwezesha kusikia panya anayetembea chini ya theluji nene. Kisha huruka bila sauti na kujitupa miguu mbele. Panya hao ndio wanaoamua idadi ya bundi: wakipungua Kanada, bundi hushuka kusini. Majira ya baridi ya 2004 kuingia 2005 walifika Minnesota kwa maelfu.

Bundi mweupe wa theluji anatoka nchi isiyo na miti, kwa hiyo msituni hutampata. Mtafute kwenye mashamba tambarare, juu ya nguzo, na kandokando ya viwanja vya ndege.

Baki ndani ya gari; gari ndiyo maficho bora, kwa sababu ndege wengi hawaliogopi kama wanavyomwogopa mtu kwa miguu. Simama kando kabisa ya barabara, zima injini, fungua dirisha. Usicheze sauti ya bundi kwenye simu kumwita, na usimtupie panya ili upate picha. Akikukazia macho, au akijikusanya kana kwamba anataka kuruka, umekaribia mno: ondoka taratibu. Kiota au mti wa kulala wa bundi usiuweke mtandaoni siku hiyo hiyo. Na mwishoni mwa Januari, bundi mwenye pembe za manyoya huanza kutaga mayai baridi ikiwa bado kali. Akiondoshwa juu ya mayai kwa muda mrefu, mayai yanaweza kuganda.

Hatua ya 8: Andika ulichoona

Andika tarehe, mahali, hali ya hewa, aina na idadi. Ukiingiza kwenye eBird, programu ya kuandikia ndege ulioona ambayo nayo ni ya Cornell na ya bure, orodha yako husaidia watafiti kujua ndege wamehamia wapi.

Ukitaka wenzako wa kutazama nao, kuna Hesabu ya Ndege ya Krismasi, iliyoanzishwa na Frank Chapman mwaka 1900 wakati watu wengi walikuwa na desturi ya kwenda kuwinda ndege siku ya Krismasi. Mwaka ule walishiriki watu 27. Siku hizi hufanyika kati ya Desemba 14 na Januari 5, kila kikundi kikihesabu ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 24. Mgeni hupangwa na wazoefu, na hakuna atakayekuuliza unajua aina ngapi. Februari kuna hesabu nyingine ya siku nne ambayo unaweza kuifanya dirishani kwako kwa dakika 15 tu, na Kiingereza chako kikiwa cha kubabaisha haina neno, orodha ina picha.

Ukiwa unaishi kaskazini kwenye dubu, kishushe kilishio ifikapo Aprili na usikirudishe hadi Novemba. Dubu akiamka na njaa husikia harufu ya alizeti kutoka mbali, na akishazoea kula uani kwa watu, mara nyingi mwisho wake huwa risasi.